Gari la familia lipimwe kutoka kiti cha nyuma

Nenda katika yadi za magari za Ngong Road Jumamosi yoyote nawe utawaona. Baba ameketi nyuma ya usukani, mkono kwenye gia, anaitazama dashibodi kama rubani. Mama yuko nje anauliza bei. Watoto wamefungua mlango wa nyuma, wameingia, wametoka, wameenda kutazama gari jingine. Muuzaji naye anamimina sifa: injini ina nguvu, gari linakimbia, skrini ni kubwa kama televisheni. Hapana hata mmoja aliyekaa kiti cha nyuma kwa dakika kumi, mlango umefungwa, akasikiliza mgongo wake unasema nini. Ilhali gari likishafika nyumbani, watu watatu katika jamaa ya watu watano wataishi huko nyuma, alfajiri na jioni, siku zote za shule.

Nataka leo tulitazame gari moja kwa jicho la hao watatu. Nimechagua Toyota Camry, kwa sababu mbili. Ya kwanza, hii ndiyo saluni ya ukubwa wa wastani ambayo wengine hupimiwa. Huko Marekani imeongoza mauzo ya magari ya aina yake tangu mwaka 2002. Ya pili, muundo wake mpya, uliozinduliwa Novemba 2023 na kuanza kuuzwa mwaka 2024, umefanya jambo ambalo kila mwenye familia mjini anapaswa kulitafakari. Camry inayotumia petroli peke yake haimo tena katika muundo huo kule Marekani. Zote ni haibridi, yaani zina injini ya petroli na mota ya umeme zinazosaidiana. Hakuna kuchomeka waya ukutani usiku. Unatia petroli kama kawaida, na betri hujazwa na gari lenyewe likiwa safarini.

Tuanze na nguvu, maana najua vijana wa vyuo wanaosoma ukurasa huu watauliza hilo kwanza. Injini ni ya lita 2.5, silinda nne. Ikijumlishwa na mota hutoa nguvu za farasi 225, au 232 kwa ile inayosukuma magurudumu yote manne. Gari hutoka kusimama hadi mwendo wa kilomita 100 kwa saa kwa sekunde zisizofika nane. Hayo ni mengi kuliko familia inavyohitaji. Nchini mwetu upeo wa mwendo wa gari dogo barabara kuu ni kilomita 110 kwa saa, na mjini ni 50. Anayenunua gari kwa sababu linaweza kwenda 200 amenunua kitu ambacho hawezi kukitumia mahali popote baina ya Mombasa na Busia, isipokuwa kumtajirisha hakimu.

Lakini kuna jambo moja kuhusu nguvu ambalo wauzaji hawalitaji, nalo ni mwinuko. Injini ya petroli isiyo na turbo inavuta hewa, na hewa ya juu milimani ni nyepesi. Hupoteza takriban sehemu moja katika mia kwa kila mita mia moja unazopanda. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Kwa hiyo gari lililosifiwa kwa nguvu zake pwani ya Japani linafika kwetu likiwa limeacha kama sehemu moja kati ya sita ya nguvu za injini hizo njiani. Ukipita Timboroa, ambako ni zaidi ya mita 2,700, umepoteza zaidi ya robo. Ndiyo maana gari dogo lililojaa watu na mizigo ya Krismasi huguna vile kwenye milima ya kwenda Eldoret. Mota ya umeme haivuti hewa. Huko juu inasukuma sawasawa na inavyosukuma Mombasa. Hii ni faida ya kweli ya haibridi katika nchi ya milima kama yetu, ila usitarajie miujiza: betri ya gari hili ni ndogo, na kwenye mlima mrefu itaishiwa, kisha utaisikia injini ikinguruma peke yake, tena kwa sauti moja ndefu, kwa kuwa gia zake hazibadiliki kwa hatua kama ulivyozoea.

Sasa tuingie mahali ambapo familia ya mjini hutumia maisha yake, nako si mlimani wala si barabara kuu. Ni kwenye msongamano. Jogoo Road saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Outering ikiwa mvua imenyesha. Waiyaki Way jioni, kila mtu akitaka kutoka mjini kwa wakati mmoja. Hapo gari la kawaida linakula petroli likiwa limesimama. Linasogea mita tano, linafunga breki, linasogea tena, na kila unapofunga breki mwendo ulioununua kwa petroli unageuka kuwa joto kwenye magurudumu na kupotelea hewani.

Wanafunzi wa fizikia watanielewa haraka: nishati haipotei, hubadilika sura. Katika haibridi, unapoinua mguu au kukanyaga breki taratibu, mota hugeuka kuwa jenereta. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha, gari linapunguza mwendo, na umeme unarudi kwenye betri. Halafu unaposogea tena mita tano, aghalabu injini haiwaki kabisa. Unasukumwa na umeme ule ule ulioukusanya. Ndiyo maana breki za magari haya hudumu muda mrefu. Pia ndiyo maana kuna takwimu moja iliyo kinyume na mazoea yetu sote. Kwa vipimo vya serikali ya Marekani, Camry mpya ya daraja la chini huenda takriban kilomita 22 kwa lita moja mjini, na 21 barabara kuu. Mjini inakula kidogo kuliko safarini! Camry ya petroli tupu iliyotangulia ilipimwa na serikali hiyo hiyo ikapata takriban kilomita 12 mjini na 16 na nusu barabara kuu.

Hesabu yake ni rahisi, na mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya mezani. Tuseme nyumba yako huendesha kilomita 1,000 kwa mwezi, zote za shule, kazini na sokoni. Kwa gari la petroli ni lita 83. Kwa haibridi ni lita 45. Tofauti ni lita 38 kila mwezi, lita 456 kwa mwaka, yaani kama matangi tisa mazima ya gari hilo. Zidisha kwa bei iliyoandikwa kwenye kituo chako cha petroli. Jemu ya Nairobi si jemu ya maabara, kwa hiyo magari yote mawili yatakula zaidi ya hapo, lakini pengo litabaki. Ila kama wewe ni mtu wa kukaa Nakuru na kufanya kazi Nakuru, dakika tano kutoka nyumbani, au kama safari zako nyingi ni za mwendo wa moja kwa moja hadi Mombasa, pengo linapungua sana na huenda lisilipe ile ziada utakayodaiwa na muuzaji. Usinunue haibridi kwa sababu jirani amenunua. Andika kwa juma moja kilomita zako ni za aina gani.

Haya, turudi kwenye kiti cha nyuma.

Camry mpya ina urefu wa mita 4.9 na baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kuna mita 2.8 na ushei. Kwa maneno mengine, mtu mzima anakaa nyuma ya mtu mzima bila magoti kugusa kiti. Hilo ndilo linaloitenga saluni ya wastani na zile ndogo kama Axio, ambazo ni magari mema lakini kijana wa kidato cha tatu hukaa humo akiwa amejikunja. Upana nao ni mita 1.84, na hapa ndipo ninapowaomba muwe waangalifu. Watoto watatu wanaenea vizuri. Watoto wawili waliomo katika viti vyao maalumu, na nyanya katikati, hapana. Pale katikati kiti ni kigumu, sakafu imeinuka kidogo, na nyanya atafika kanisani amechoka. Ikiwa nyumba yenu ina watu sita, saluni si gari lenu hata ingawa ni nzuri namna gani. Mtaishia kumpakata mtoto, na mtoto aliyepakatwa ndiye wa kwanza kuruka gari likigonga.

Utulivu ni jambo jingine ambalo haliandikwi kwenye karatasi ya sifa. Kwenye msongamano, injini imezimika, gari linateleza kimya. Mtoto mchanga hulala. Mkubwa anaweza kusoma kitabu chake. Mama na baba wanaweza kuzungumza kwa sauti ya kawaida, na kwa jamaa zinazoonana vyema ndani ya gari tu, maana usiku kila mtu amechoka, hilo ni jambo kubwa kuliko nguvu za farasi.

Na usalama? Hapa kuna habari ambayo ingefaa kubandikwa katika kila yadi. Kwa miaka mingi wapimaji wa ajali waligongesha magari kwa kutazama zaidi dereva na abiria wa mbele, na watengenezaji wakaboresha mbele mno. Mwaka 2022 taasisi ya Marekani iitwayo IIHS, ambayo hugharimiwa na kampuni za bima, iliongeza katika jaribio lake moja sanamu inayokaa nyuma ya dereva, yenye umbo la mwanamke mdogo au mtoto wa miaka kumi na miwili. Magari kadhaa yaliyokuwa yamejaa nishani yalianguka mtihani huo. Mbele palikuwa salama, nyuma mkanda ulibana kifua au kuteleza tumboni. Camry mpya ilifaulu, ikawa miongoni mwa magari yaliyopewa daraja la juu kabisa la taasisi hiyo mwaka 2025. Hiyo ni Camry ya soko la Marekani, msomaji, usije ukamwambia muuzaji kwamba nimesema kila Camry iko hivyo. Lakini swali lenyewe ni zuri kuuliza juu ya gari lolote: je, limepimwa na mtu wa nyuma? Na hata lingekuwa na nishani kumi, mkanda usiofungwa hauokoi mtu. Wengi wetu humfunga abiria wa mbele kwa kuogopa polisi, na nyuma tunaacha watoto wasimame baina ya viti wakichungulia.

Kasoro ya Camry kwa barabara zetu inajulikana, nayo ni tumbo. Kutoka ardhini hadi chini ya gari ni sentimita 14 hivi. Hiyo ni likiwa tupu. Tia watu watano na magunia mawili ya viazi kutoka Kinangop kwenye buti, kisha ulilete kwenye yale matuta ya mtaani yaliyojengwa na wakazi wenyewe kwa saruji na hasira. Litakwaruza. Wengi hukimbilia fundi awatie vipande vya mpira au chuma kwenye springi ili gari liinuke. Sipendi jambo hilo, hasa kwa gari la kisasa. Linabadilisha namna gari linavyoshika kona, na kamera za usalama zilizo mbele zilipangwa kutazama barabara kutoka kimo fulani. Afadhali kulipita tuta kwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine, na kupakia mizigo mizito mbali na mkia. Kama njia ya kwenu ni ya mawe matupu mwaka mzima, tafuta gari lililoinuka na usinilaumu.

Tena kuna maji. Tuliyoyaona Nairobi kati ya Machi na Mei 2024, mafuriko yakimeza magari hadi madirishani, hayafai kusahaulika. Katika magari mengi ya haibridi ya Toyota, Camry ikiwemo, betri kubwa hukaa chini ya kiti cha nyuma, mahali ambapo maji yanayoingia mlangoni hufika mapema. Ukiona maji yamepita nusu ya gurudumu, geuza.

Betri hiyo inastahili maneno zaidi, kwa kuwa ndiyo inayowatia watu hofu. Ni hofu yenye msingi, ila mara nyingi inaelekezwa pabaya. Nchini Marekani Toyota huidhamini betri ya haibridi kwa miaka kumi au maili 150,000, kwa hiyo si kitu cha kufa kesho. Adui yake mkubwa ni joto. Hupozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Sasa fikiria kiti cha nyuma cha familia: sweta la shule limetupwa juu ya tundu, makombo ya mandazi, vumbi la Juja, nywele za mbwa. Filta ikiziba, betri inachemka kidogo kidogo kila siku kwa miaka mitatu, kisha mnalaumu Wajapani. Waonyesheni watoto tundu liko wapi na muwakataze kulifunika. Filta isafishwe kila gari linapokwenda gereji. Na fundi wa kando ya barabara, hata awe hodari namna gani kwa injini, asiguse nyaya zilizovikwa rangi ya machungwa. Umeme ulio humo unaua.

Vifaa na mapambo nitavipita upesi. Skrini ni ya inchi 8, au 12.3 kwa aliye na fedha zaidi, na simu huunganika bila waya. Kuna mfumo wa kumwonya dereva anapotoka kwenye mstari na wa kufunga breki wenyewe ukiona mtu mbele. Ni mzuri, ila ulibuniwa kwa barabara zenye mistari iliyopakwa rangi, na katika mitaa yetu ambako mstari ulifutika zamani na bodaboda hutokea kushoto, kulia na mbele kwa pamoja, utakuwa ukipiga kelele mara kwa mara. Kumbuka pia kuwa kamera yake iko nyuma ya kioo cha mbele. Jiwe likivunja kioo, kubadilisha hakuishii kwa kioo. Kamera lazima ipangwe upya kwa mashine.

Tuje kwenye mfuko. Ushuru wetu wa bidhaa huongezeka injini ikizidi ukubwa wa 1500, na hiyo ndiyo siri ya mapenzi yetu kwa Premio za 1500. Camry ya lita 2.5 iko upande wa juu wa mstari huo. Isitoshe, kanuni zetu hudai gari la kuagizwa liwe na usukani wa kulia na lisizidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Muundo mpya wenye usukani wa kulia unauzwa Australia na Thailand, si kitu utakachokiona kimejaa yadini. Familia nyingi zitakutana na dada yake mkubwa, Camry iliyouzwa Japani kuanzia mwaka 2017. Hiyo nayo kule Japani ilikuwa haibridi tupu, injini ya lita 2.5 vile vile, nguvu za farasi zaidi ya 200. Toyota iliacha kuiuza huko mwishoni mwa 2023. Kila Januari mwaka mmoja wa magari hayo unafungiwa bandarini, na kanuni isipobadilika, mwaka 2031 ukianza mlango utakuwa umefungwa kabisa.

Kwa hiyo ukienda kuiangalia, nenda na jamaa yote na usikubali kuzungushwa yadini tu. Omba litolewe barabarani saa ya jemu. Dereva awe muuzaji, wewe kaa nyuma katikati. Sikiliza kama feni ya betri inavuma sana. Nusa kama kuna harufu ya unyevunyevu chini ya zulia. Lipitishwe kwenye tuta mkiwa watano. Kisha liende kwa fundi mwenye mashine ya kusoma afya ya betri, si ya kufuta taa za dashibodi, na gharama hiyo ulipe mwenyewe ili jibu liwe lako. Uliza bei ya betri mbadala kabla ya kulipa hata shilingi ya amana. Muuzaji anayesema betri haiharibiki kamwe, mwage.

Na washa redio. Magari ya Japani huletwa na redio ambayo aghalabu huishia masafa ya 95 hivi, huku vituo vyetu vingi viko juu hadi 108, na maandishi yote ya skrini ni ya Kijapani. Kifaa cha kurekebisha masafa kipo na si ghali, lakini kiwekwe na mwenye gari kabla hujamlipa.

Juma lijalo, tukijaaliwa, tutatazama tairi za mitumba na jinsi ya kusoma tarehe iliyochapwa ubavuni mwake.